Bi mkubwa kagoma kurudi Mwanza kwa ndege baada ya ile "puuu" ya Dar. Rubani alikosea, au ndivyo inavyotua?

#1 Ngosha wa Igoma (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jumatatu nilimleta bi mkubwa Dar kutibiwa mtoto wa jicho. Ana miaka 68 na hajapanda ndege tangu azaliwe. Nilimbembeleza wiki mbili. Yeye alitaka basi. Nikampigia hesabu ya magoti yake na kile kiti cha basi kutoka Nyegezi mpaka Mbezi, akakubali shingo upande.

Kupaa hakukuwa na shida. Huko juu kanywa juisi, kala korosho, kaniuliza kama huku Mungu anatusikia vizuri zaidi. Nikajua nimeshashinda.

Kufika Dar, mvua. Ndege inayumba, dirishani mawingu tu, mara nikaona mabati ya Vingunguti. Nikamwambia mama tumefika. Sijafunga mdomo, PUUUU! Ule haukuwa mtuo, tulibamizwa. Makabati mawili ya juu yakafunguka, mtoto wa nyuma akaangua kilio, dada wa pembeni "Damu ya Yesu!", mzee wa nyuma yangu "Inna lillahi". Halafu injini zikanguruma kama zinataka kupaa tena, sote tukainamia mbele. Mama hakusema neno. Alinishika mkono, na alama za kucha ninazo mpaka leo.

Kilichoniudhi kuliko kishindo chenyewe: dakika haijapita, mhudumu anatukaribisha Dar es Salaam kwa sauti ileile ya tabasamu, anatutajia na nyuzi za joto. Hakuna pole wala maelezo.

Macho yameshafanyiwa na anaona vizuri, namshukuru Mungu. Tiketi ya kurudi ni Jumapili na kagoma. Kauli yake: "Mwanangu, nimepewa macho mapya, sitaki kuyatumia kuangalia kifo."

Naomba majibu mawili tu. Rubani alikosea? Na bi mkubwa nimwambie nini? Kampuni msiniulize, sitaitaja.

#2 KahawaChungu

Mpandishe basi. Mama hajakosea popote.

#3 Nshomile Mpole

Pole kwa bi mkubwa. Sisi wa Bukoba usituulize kuhusu kutua. Tangu ile ndege ya ATR itumbukie ziwani asubuhi ya 6 Novemba 2022, watu 43 ndani na 19 wakafariki, mimi nikisikia magurudumu yanateremshwa natafuta mlango wa dharura uko wapi na nahesabu viti vya kufika hapo. Mke wangu ananicheka. Najua ile ilikuwa habari nyingine kabisa, ndege haikufika hata kwenye lami. Lakini mwili hauchambui hivyo. Ukishauona ule mkia umechomoza majini na wavuvi wameuzunguka na mitumbwi, basi.

Mwambie mama si yeye peke yake.

#4 Fundi Spana

Mimi ni fundi wa ndege, si rubani. Kazi yangu ni miguu, matairi na breki, yaani vilevile vilivyompigia mama yako kelele. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na mvua, maana umeitaja na ndiyo yenye kesi. Njia ya kutulia ndege ikiwa na maji, rubani anafundishwa kuikanyagisha ndege, asiibembeleze. Tairi likigusa maji taratibu linaweza kuteleza juu ya utando wa maji bila kuishika lami. Waliowahi kupita dimbwi kwa kasi wakasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla wananielewa. Likikanyaga kwa nguvu linapasua maji, linaanza kuzunguka, na hapo ndipo vingine vinaamka: vile vibao vya juu ya bawa vinasimama ili bawa liache kubeba, uzito wote unahamia kwenye magurudumu, breki zinapata cha kukamata. Ndege nyingi zina vihisio miguuni vinavyosubiri kuthibitishiwa kwamba kweli tupo chini. Ukigusa kama unyoya, vinachelewa kuamini.

Halafu kuna urefu wa njia. Ndege ya jeti inagusa chini ikiwa na kasi ya kilomita 260 kwa saa hivi. Hiyo ni mita 72 kila sekunde. Rubani akitaka kukupa ule mguso wa kupigiwa makofi, akaelea sekunde tano akiitafuta ardhi, ameshakula mita 360 za lami ambazo hazirudi. Njia kuu ya Dar ina mita 3,000, inasamehe kidogo. Vipo viwanja visivyosamehe. Tarehe 2 Agosti 2005 Air France 358 ilitua Toronto katikati ya dhoruba, ikaelea, ikagusa ikiwa imeacha nyuma zaidi ya kilomita moja ya njia. Lami ikaisha, ikaingia korongoni na kuungua. Watu 309 na wote walitoka hai. Mangalore kule India, 22 Mei 2010, ndege iliyotoka Dubai nayo iligusa mbali, kiwanja kiko juu ya kilima. Kati ya watu 166 walipona 8. Sijawahi kusikia abiria analalamika kwamba rubani kachelewa kugusa, ila akigusa mapema na kwa nguvu, uzi unafunguliwa. (Natania mkuu, usinune.)

Sasa kishindo chenyewe. Ndege ya abiria inatengenezwa ihimili kugusa chini ikishuka mita 3 kwa sekunde, na hapo imebeba uzito wote unaoruhusiwa wakati wa kutua. Panda juu ya kiti cha plastiki, ruka, mguu wako ukigonga sakafu ndiyo kasi hiyo. Mtuo wa kawaida hauzidi mita moja kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka juu ya kandambili mbili ulizozipandanisha. Mtuo uliomtoa mama roho sidhani kama ulifika kiti cha plastiki. Mguu wa ndege ni shokapu kubwa yenye mafuta na naitrojeni, na tairi lake limejazwa naitrojeni kama psi 200, wakati la Noah yako halizidi 35. Vimetengenezwa vipigwe.

#5 KahawaChungu

Kwa hiyo kubamizwa nako ni huduma? Tuanze kulipia?

#6 Ngosha wa Igoma

Fundi, shukrani. Lakini ile ngurumo ya injini baada ya kugusa? Ndiyo iliyomtisha mama zaidi. Anasema rubani alitaka kukimbia akaghairi.

#7 Fundi Spana

Hapo ndipo injini inapogeuza msukumo. Hewa iliyokuwa inatupwa nyuma inaelekezwa mbele ili kuivuta ndege isimame. Sauti ni ya kupaa, kazi ni ya breki. Ndiyo maana mliinamia mbele. Mngekuwa mnapaa mngelala nyuma. Mwambie mama mgongo wake ulikuwa unajua kuliko masikio.

KahawaChungu, sijasema kila kishindo ni sahihi. Kuna rubani anayechelewa kuinua pua, kuna anayeinua mapema mno ndege ikaishiwa kasi juu ya lami ikadondoka, kuna upepo unaokata ghafla mita chache kabla ya kugusa, mpaka mwenye miaka 20 angani akaaibika. Kibaya zaidi ni ndege kudunda, maana hapo mtu anaweza kujaribu kurekebisha kwa kusukuma pua chini. Mei 2019 pale Moscow ndege ya Superjet ilidunda mpaka miguu ikavunjika na moto ukawaka, watu 41 wakafa kati ya 78. Rubani akiona mambo hayajakaa sawa anatakiwa aache, apae, azunguke aje upya. Abiria wanaogopa sana akifanya hivyo, ila mimi nikiwa ndani huyo ndiye namshukuru.

Kishindo kikizidi, rubani anaandika kwenye kitabu cha ndege na kile chombo cha kumbukumbu kinakuwa nacho kimeshaandika. Ndege hiyo haiendi popote mpaka sisi tuingie chini na tochi. Nimeshakesha usiku mzima kwa ajili ya mtuo mmoja, asubuhi hatukuona hata ufa.

#8 Otis wa Kayole

Wadau, huku Nairobi tuna yetu. Uwanja wetu wa JKIA uko mita 1,624 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo ndege inagusa ikiwa mbio zaidi ya ile inayotua Mombasa, karibu asilimia 10. Mimi nilidhani marubani wa Nairobi wana hasira tu.

#9 Mwana Unguja

Mie nnapanda zile ndogo za dakika ishirini, Dar na Unguja, abiria kumi na kidogo, unamuona rubani kisogo na jasho lake. Nnakwambieni hakuna pahala utajifunza kutua kama mle. Likivuma kusi unaona ndege inaenda upande upande kama kaa, pua inatazama huku, safari yenyewe kule. Dakika ya mwisho anainyoosha, gurudumu moja linagusa, halafu la pili. Mara ya kwanza nilisoma kila dua ninayoijua na nyengine nilizitunga hapo hapo.

Kiwanja chetu njia yake imelazwa kaskazini na kusini, namba zake 36 na 18, sawa na pepo zetu. Namba ni dira hiyo, nyuzi 360 na nyuzi 180 wamekata sifuri. Ya Dar ni 05 na 23, imelala mshazari, kusi linaipiga ubavuni. Sasa bi mkubwa alitua siku ya mvua na upepo wa ubavuni, mnataka aguse kama anaweka yai?

Na wanaosema wapande boti, wapande wakati wa kusi halafu waje hapa watueleze walitapika mara ngapi.

#10 Mama Kimara

Nimecheka na nimesikitika. Nilifanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka tisa, nikaacha nilipopata mtoto wa pili. Huyo "mwenye sauti ya tabasamu" ni mimi kabisa.

Ngoja niwaambie kitu ambacho abiria hamkioni. Sisi tunakaa pale mlangoni kwenye kiti cha kukunja, wengi wetu tumewageukia ninyi. Kwa hiyo wakati wa kutua hatuangalii nje, tunawaangalia ninyi. Dakika mbili za mwisho ndege nzima inanyamaza. Yule aliyekuwa anasimulia biashara zake tangu tunapaa, kimya. Kuna anayekaza macho kwenye gazeti bila kugeuza ukurasa. Kuna wanaume wazima wanaoshikana mikono na mtu wasiyemjua, halafu ndege ikishagusa wanaachiana haraka na kila mtu anatazama upande wake. Nilishamwona mchungaji na shehe wa kiti kimoja, kila mmoja anasoma yake kwa kunong'ona, wakamaliza pamoja, wakaitikiana "amina". Ukigusa laini wanaanza kuongea wote kwa mpigo kama umefungulia redio. Ukigusa kwa kishindo kuna sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayepumua, na wote mnaniangalia mimi usoni.

Mnaniangalia mjue kama tumekufa au hatujafa. Sasa ulitaka nikunje uso?

Na muda huo kichwani napitia mambo yangu: mlango wangu unafunguliwaje, nje nitachungulia nini kwanza, kaka gani mwenye nguvu kakaa karibu anaweza kunisaidia, yule mama mwenye mtoto yuko kiti gani. Tunafanya hivyo kila mtuo, hata jua likiwa linawaka na ndege imejaa watalii. Tabasamu linakuja juu ya hayo yote.

Ila kuhusu kutosema kitu nakubaliana na wewe, mleta uzi. Marubani wakigusa tu wana mnara wa kuongozea ndege masikioni, wanatafuta njia ya kutokea, hawana nafasi ya kuzungumza. Lakini ndege ikishasimama, sentensi moja inatosha: "Tumegusa kwa nguvu kwa sababu ya mvua, ndege ni salama." Nilifanya kazi na kapteni mmoja aliyekuwa anatoka na kusimama mlangoni siku alizotua vibaya. Vizuri akitua hatoki. Abiria walimpenda bila kujua kwamba wakimuona tu, mambo hayakwenda alivyotaka.

Kwa bi mkubwa: asikae nyuma, nyuma ndiko kunakorusha. Mtafutie kiti usawa wa bawa. Mkiingia mnong'oneze mhudumu kwamba mama aliogopa safari iliyopita, atapita kwake mara mbili tatu. Halafu mtajie sauti kabla hazijaja. Kelele za magurudumu kushuka, mlio wa mabawa kunyooshwa, kishindo, ngurumo. Mzee akitajiwa jambo kabla, anakuwa anasubiri tu litimie.

#11 Ngosha wa Igoma

Mama Kimara umenitoa machozi na nipo kwenye mwendokasi hapa, watu wananiangalia. Naiprinti hii nimsomee.

#12 Dogo Janja wa Tegeta

Mimi tatizo langu ni wanaosimama. Ndege bado inatembea, taa ya mkanda inawaka, mtu kashafungua kabati anavuta begi kama anawahi siti Mwenge. Tunatoka wote mlango mmoja jamani!

#13 Binti Sharjah

Huku Ghuba ndiyo utashangaa. Ndege za kuwarudisha watu likizo, wamekaa miaka miwili hawajaona watoto wao, ikigusa tu ni vigelegele na makofi hata kama imebamiza. Kuna mtuo mmoja mimi niling'ata ulimi kabisa, jirani yangu anashangilia "Nyumbaniii!" Kwa hiyo hofu nayo inategemea unaenda kwa nani.

Ila hili la mabegi si la kucheka. Nilikuwa Sharjah 3 Agosti 2016 ile 777 iliyotoka India ilipoanguka Dubai. Ilishagusa, wakataka kupaa tena, nguvu ya injini haikupanda, ikalalia tumbo na kuwaka moto. Watu 300 na wote walitoka. Aliyekufa ni zimamoto mmoja aliyekuja kuwaokoa. Na video zilionyesha watu wanahangaika na mabegi moshi ukiwa umejaa ndani. Tangu hapo pasi yangu na simu navaa shingoni, begi likiungua liungue.

#14 KahawaChungu

Makofi sitaki kuyasikia. Dereva wa basi kanifikisha salama mara mia na hajapigiwa hata moja.

#15 Otis wa Kayole

Dereva wa basi anapigiwa kelele tu, "shukisha hapo!"

#16 Mwana Unguja

Na ndiyo maana nnasema KahawaChungu hajapanda ndege huyu. Mnaona namna anavyokwepa?

#17 KahawaChungu

Nimepanda. Mara moja, 2017, kwenda msibani Songea, moja ya yale mapangaboi. Kutua tulidunda mara mbili. Tangu siku hiyo Songea naenda kwa basi. Haya, furahini.

#18 Fundi Spana

Mkuu pole, na umesema sasa. Ngoja nikwambie jambo ambalo ulistahili kuambiwa 2017. Pangaboi linabebwa na bawa pamoja na ule upepo ambao panga zenyewe zinaupuliza juu ya bawa. Rubani akikata moto mapema, upepo ule unakatika na ndege inadondoka papo hapo. Yale marefu, kama Q400, mkia uko nyuma sana, akiinua pua kupita kiasi mkia unakwangua lami. Kwa hiyo hana uhuru wa kuinua pua na kulainisha kama kwenye ndege fupi, anaipeleka chini ikiwa karibu imelala sawa. Marubani wazuri kabisa wanagongesha zile. Sisemi wako alikuwa mzuri, sikuwepo. Kudunda mara mbili si jambo la kusifia.

#19 KahawaChungu

Asante fundi. Miaka yote hii nilidhani yule kijana alikuwa amelewa.

#20 Ngosha wa Igoma

Mrejesho wa Jumamosi usiku. Nimemsomea uzi wote, isipokuwa Moscow na Mangalore, hizo nimeruka. Kiti cha plastiki kamlazimisha mjukuu aruke mara tatu huku yeye anasikiliza. Kaniuliza huyo fundi ana mke. Kapenda sana habari ya mchungaji na shehe. Kisha kasema atalala, asubuhi ataniambia.

#21 Nshomile Mpole

Tunasubiri hapa hapa.

#22 Fundi Spana

Ninaye, mwambie. Na watoto watatu.

#23 Ngosha wa Igoma

Tumefika Mwanza jioni hii. Kapanda, kiti usawa wa bawa, nimemnong'oneza mhudumu kama nilivyoelekezwa. Magurudumu yaliposhuka kasema "la kwanza hilo". Akawa anahesabu kwa vidole.

Mwanza jua kali, lami kavu, ziwa linang'aa mpaka linaumiza. Na tukagongeshwa tena! Siyo kama Dar, lakini cha kueleweka. Upande wa pili wa mama alikaa kijana mmoja wa chuo, safari yake ya kwanza, kashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Mama akamgusa bega, akamwambia kwa utulivu kabisa: "Usiogope baba. Ni maji hayo barabarani. Lazima ikanyage."

Nikachungulia nje, hata dimbwi hakuna. Yule kijana akatikisa kichwa, akashusha pumzi, akasema asante bibi. Mimi nimenyamaza.

#24 KahawaChungu

Na macho mapya yote hayo hakuona kwamba lami ni kavu?

#25 Ngosha wa Igoma

Alikuwa ameyafumba.